Kumkumbuka Jian Ruei-tang, Muuguzi wa Paka wa Nyuma ya Soko la Samaki

Kitendawili, A-Tang!

Hema la manyoya: nje kukavu, ndani mvua inanyesha.

Wewe ungejibu kabla mama yako hajafunga mdomo. Ni paka mgonjwa wa figo, anatiwa maji ya dripu chini ya ngozi. Mama yako alikitunga siku moja akikutazama kazini, na wewe ulicheka mpaka paka akakuchungulia kwa hasira.

Mwaka umezunguka ukatimia tangu moyo wako uliposimama ghafla. Hapa Keelung, mji wetu wa bandari, mvua bado inanyesha kama ulivyoiacha, nasi bado hatujazoea.

Leo asubuhi mama yako amekuwekea mezani samaki wa kukaanga, wali na machungwa, akakuwashia udi. Dada yako Ruei-pin amekaa pembeni akiandika kumbukumbu hii. Akanyanyua kichwa.

"Mama, na jina la Bi Kang tuliandike?"

"Nigeuzie huyo samaki, anaungua."

"Samaki yuko kwenye sahani, Mama."

"Basi mgeuze kwenye sahani."

"Asiguswe!" akadakia baba yako kutoka kwenye kiti chake. Miaka aliyokaa baharini haijamtoka. "Humu ndani samaki hageuzwi. Mnataka chombo kipinduke, watu wazame?"

Swali likabaki pale pale, likipoa pamoja na samaki.

Tunakukumbuka na koti lako la kijani, kwenye ile zahanati ya wanyama iliyo juu ya ngazi. Daktari alipima na kuandika dawa. Aliyekaa na mgonjwa ni wewe. Paka aliyekataa kula ulimpashia chakula kiganjani mpaka harufu ikamfikia, kisha ukangoja. Mkali ulimviringisha kwenye taulo kama mkate wa mvuke, kichwa tu kikabaki nje. Ulitazama fizi, ukanusa pumzi. Wa sukari alikula kwanza, sindano baadaye. Mwenye paka akikuambia, "Mchome tu, leo nina haraka," ulimjibu kwa upole: "Mwenye haraka ni wewe, shangazi. Huyu hajala, basi hachomwi mpaka nimuulize daktari."

Na nyumbani hukuacha kazi mlangoni. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akimsifia Tauhue, paka wako? "Tazama anavyokunywa maji! Mzima kabisa!" Ukaweka chini vijiti vya kulia chakula.

"Mama, paka mzee akinywa hivyo anaumwa. Paka hasemi. Anakunywa, anakonda, anaacha kujilamba, na sisi tumekaa tunamsifia."

Ukampeleka akapimwa. Zilikuwa figo.

Sasa tuseme la Bi Kang, maana mtaa mzima unalijua. Bi Kang ni mjane, anauza vitufe vya samaki wa kusagwa, na hakujaliwa mtoto. Paka wake naye alikuwa na figo mbovu, ukawa unapita kwake baada ya kazi kumtia maji, ukamfundisha na yeye mpaka mkono wake ukazoea. Ulipofika mwaka mpya akakuletea bakuli, vijiti na shati jipya, akakuomba uwe mwanawe wa hiari, kama desturi yetu ilivyo. Ukapokea kwa mikono miwili. Ukamwita mama.

Kuanzia siku hiyo mama yako hakunywa supu kwa amani.

"Amekupa nini leo, huyo mama yako mwingine?"

"Supu ya samaki."

"Tangawizi ameikata au ameiponda?"

"Sikuangalia, Mama."

"Ameiponda. Mvivu yule."

Hata paka wa Bi Kang alipokufa kwa uzee, ulizidi kupita pale. Halafu ikaja ile siku ya sokoni. Muuza kamba akapaza sauti, "Mama Tang! Karibu, mama!" Mama yako akageuka na tabasamu lake lote. Aliyeitwa alikuwa Bi Kang, nyuma yake. Mama yako akarudi nyumbani bila kamba, bila mboga, na mwavuli akausahau huko huko.

Siku ya kukuzika, Bi Kang alilia kwa sauti kuliko yeye. Hilo nalo hakulisamehe.

Ukatuachia Tauhue. Kila tulipompeleka zahanati alijikojolea kikapuni, akarudi akajibanza nyuma ya friji, hagusi chakula. Na wewe ndiye uliyetuonya kwamba paka asiyekula siku kadhaa mfululizo ini lake hujaa mafuta, naye anaweza kufa chakula kikiwa mbele yake. Daktari akaona afadhali tumtie maji nyumbani. Mama yako akasema ataweza, kwani ni nani aliyemzaa A-Tang?

Akavuta ngozi, akachoma. Sindano ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili. Mfuko ukaisha.

"Nimemaliza!" akasema kwa fahari.

"Umemaliza kumwagilia sketi," akasema baba yako.

Akajaribu tena, na tena. Tauhue akakonda, fizi zikawa kavu zinanata. Baba yako akasema, "Mwite Bi Kang. Mkono wake umefundishwa na mwanao."

Mama yako akafungua mdomo aseme heri paka afe. Wakati huo huo Tauhue akapita mbele yake, miguu ya nyuma inayumba, akaenda kulala kwenye kandambili zako ambazo mpaka leo hatujazitoa. Mama yako akafunga mdomo, akachukua simu.

Bi Kang akaja na koti la mvua, na sufuria mkononi.

"Sufuria iache nje," akasema mama yako. "Mgonjwa ni paka. Sisi tumeshiba."

Bi Kang akaiacha nje. Akaulowesha mfuko wa dripu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kuona joto lake. Akaketi sakafuni, akamweka Tauhue katikati ya magoti, uso wake ukitazama mbele, akavuta ngozi ya mabegani ikasimama kama hema.

"Haya mzee," akamnong'oneza. "Mvua inakuja."

Mama yako akaruka kama aliyeumwa na nyuki. "Hayo ni maneno ya mwanangu!"

"Ndiyo. Nimeyaazima."

"Yarudishe."

"Basi njoo uyaseme wewe. Kaa hapa, Mama Tang."

Jina hilo, kutoka kinywa hicho! Mama yako akakaa kabla hajaamua kukaa. Bi Kang akamshika mkono, akauongoza. "Usilivuke hema. Pita mlangoni, chini kabisa, ncha itazame ndani. Ukihisi pamekuwa pepesi, hapo hapo, tulia." Sindano ikaingia. Maji yakashuka, nundu ikaanza kuota begani kwa Tauhue, naye akafumba macho.

Mpaka maji yaishe hakuna anayeruhusiwa kuondoka, wewe unajua. Wakakaa hivyo, magoti yanagusana, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Supu yangu hakuimaliza hata siku moja," akasema Bi Kang.

"Ni tangawizi hiyo."

"Ni wewe. Maji yakiisha tu, anavaa koti. 'Mama ananingoja.' Nimpe supu, nimpe chungwa, 'Mama ananingoja.' Nilikuonea wivu, mwenzangu, mpaka nikawa natamani ule mfuko wa maji uwe mkubwa zaidi."

Mama yako akamgeukia polepole, asimshtue paka.

"Mimi? Ulinionea wivu mimi?"

"Wewe."

"Sana?"

"Sana."

"Hebu rudia kwa sauti, baba yake hajasikia."

Siku hiyo Tauhue alikula. Kiganjani mwa nani kwanza, bado wanabishana. Mama yako sasa ndiye anayechoma, Bi Kang anapasha mfuko na kukosoa. Sufuria inaingia ndani, ingawa mama yako huionja mbele ya mwenyewe na kukunja uso. Wanagombana mpaka majirani wanafungua madirisha. Siku Bi Kang akichelewa, mama yako ndiye anayesimama mlangoni na mwavuli, akisema anatazama mvua.

Hatujakusahau, A-Tang, wala hatuna mpango huo. Unakumbukwa na baba yako Jian Huo-wang. Mama yako Lü Yue-sha. Dada yako Ruei-pin, mumewe na binti yao. Tauhue, ambaye bado analala kwenye kandambili zako. Na wote uliowauguzia paka wao kuanzia bandarini hadi juu ya ngazi.

Dada yako akasimamisha kalamu. "Mama, karatasi inaisha. Bi Kang je?"

Mama yako alikuwa akifuta meza, akaifuta mahali palipokwisha kung'aa, akaifuta tena.

"Mwandike," akasema. "Na umwandike kama mama. Ila jina lake likae chini ya langu."