Gari la Kufika Ivuna

Dada yangu Erica,

Mvua imenyesha vizuri hapa Tunduma na mahindi yamesimama.

Mwanangu Eva aliposikia kwamba macho yako yanafifia, alisema lazima nije Ivuna ungali unaweza kuniona. Alitaka gari la umeme la kwenda na kurudi bila kuchaji, maana huko bondeni hakuna pa kuchajia. Baada ya kuchuja yalibaki mawili, kubwa na dogo. Muuzaji wa lile kubwa aliapa kwamba linakwenda kilomita mia tano. Eva hakubishana naye. Alikwenda mpakani kuwauliza madereva wa IT, wanaopeleka Zambia magari yanayotoka bandarini.

"Hilo, sista?" mmoja alicheka. "Milima ya Mbeya inakula nusu ya chaji, na mvua ikipiga linazima. Chukua dogo, halina maneno mengi."

Huyo naye Eva hakumwamini. Aliazima lile dogo, akapakia magunia matano, akazunguka nalo Mbozi na Ileje kilomita mia tatu. Lilirudi na asilimia thelathini ya chaji. Nimesoma vitabu vingi, dada, lakini sijaona mtu anayeutafuta ukweli kwa subira hiyo.

Kisha akanigeukia. "Baba, miaka thelathini na minane huendi Ivuna, unalaumu barabara na magari. Sasa utasema nini?"

Wewe unajua haikuwa barabara wala magari. Niliondoka huko kabla ya kumzika baba yetu, nikakuachia wewe kila kitu, na tangu hapo naona haya.

Tutafika Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwa kali, ili unitazame vizuri kabla hujaamua kunikaribisha.

Ndugu yako,
Severini