Gereza la Watu

Nzuguni, Jumatatu

Kaka Noeli, shikamoo. Na wewe afande unayeisoma barua hii kabla yake, shikamoo pia.

Mama hajambo. Uwele wa shamba letu la Zuzu umestawi mpaka majirani wananuna.

Mwezi uliopita kwaya yetu ilialikwa Afrika Kusini, tukatembezwa kwenye gereza la zamani ambalo sasa ni makumbusho. Wenzangu walipiga picha ndani ya selo huku wanacheka. Mimi nilimuuliza mzee aliyetuongoza, aliyefungwa humo miaka tisa, ni nini kilimuuma zaidi. Akasema, "Siku ya wageni. Nilikuwa nanyoa ndevu, nakaa kusubiri, na jina langu haliitwi."

Kaka, nilitoka nje nikalia. Miaka mitatu watu wakikuulizia nawaambia uko Mererani kwenye machimbo. Nimevuka mipaka kwenda kutazama gereza la watu, na lako hapa Dodoma naligeuzia mgongo kila nikipita. Nilikuwa naona aibu, tena yangu mwenyewe, wala si yako.

Jumapili nyoa ndevu. Wakiita jina lako, usidhani wamekosea mtu.

Ni mimi, mdogo wako,
Editha