Kikao cha Kutafuta Sauti ya Gidamis kwenye Kompyuta ya Kikundi

KIKUNDI CHA KOMPYUTA DIRMA, WILAYA YA HANANG

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kuanzia saa 4:10 asubuhi, katika ghala la zamani la mahindi ambalo sasa ni ofisi.

Zimeandikwa na Alex Hhando, Katibu, fundi pekee kuanzia Katesh mpaka Haydom anayeweza kuamsha kompyuta iliyokufa kwa kuipapasa mgongo tu, na ambaye aliacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameanza kumuuliza yeye maswali.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Maximilian – Mwenyekiti, mwalimu mstaafu
2. Mama Rogathe – Mtunza ufunguo
3. Mama Perpetua – Mjumbe, mwenye shida
4. Gidahosh – Mjumbe, mdogo wa marehemu mume wa Mama Perpetua
5. Joakimu – Mjumbe, mwanakwaya, mwenye flashi
6. Alex Hhando – Katibu (ameshaelezwa hapo juu)

ASIYEHUDHURIA
Nikolausi – alituma taarifa kwamba ng'ombe wake anazaa.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi. Ilikuwa fupi kwa sababu Gidahosh alikuwa amesimama mlangoni akisema haketi mpaka aambiwe ameitiwa nini. Aliambiwa ataambiwa. Aliketi hapo hapo karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti.

Mwenyekiti alisema kumbukumbu za kikao kilichopita zilikuwa na sifa za Katibu kurasa mbili na mambo ya kikundi nusu ukurasa. Aliagiza kwamba safari hii yaandikwe yaliyotokea tu. Katibu alikubali, ingawa alisema hayo nayo yalitokea.

KUMB. NA. 2/6/2025: UTUNZAJI WA MASHINE

Katibu alieleza kwamba vumbi la Dirma linaingia kwenye feni ya kompyuta mpaka inakoroma. Alielekeza kwamba kila Jumamosi feni ipulizwe kwa pampu ya baiskeli, kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu, mashine isizimwe kwa kuchomoa waya, na isiwekwe juu ya gunia la maharage kwa sababu inapumulia tumboni.

Mama Rogathe alikiri kwamba ndiye aliyeifunika kwa kitenge ikiwa inafanya kazi, ikapata moto kama chungu cha makande. Alisema aliionea huruma, upepo wa mlimani ulikuwa mkali siku hiyo. Katibu alimweleza kwamba kompyuta haiugui mafua. Mama Rogathe alijibu, "Na wewe huugui aibu." Mwenyekiti aliagiza jibu hilo lisiandikwe.

KUMB. NA. 3/6/2025: SABABU YA MASHINE KUFUTWA

Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini tarehe 24 Mei vitu vyote vilivyohifadhiwa kwenye mashine vilifutwa, na akaunti ya Mama Perpetua, ambayo siku zote ilikuwa ikiachwa wazi, ikajifunga.

Katibu alieleza kwamba viliingia virusi, na kwamba flashi ya mwisho kuchomekwa ilikuwa ya Joakimu, yenye nyimbo za kwaya.

Joakimu alisema, "Virusi kwenye nyimbo za Kwaresma, Alex? Mungu anakuona."

Katibu alijibu kwamba virusi haviangalii kalenda ya kanisa.

Iliamuliwa kwamba Joakimu asichomeke flashi kwa miezi mitatu. Joakimu aliitoa, akaitazama, akaitia kwenye mfuko wa shati, na hakuchangia tena mpaka KUMB. NA. 5.

KUMB. NA. 4/6/2025: AKAUNTI YA MAMA PERPETUA

Mwenyekiti alieleza kwamba Gidamis, mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Perpetua, aliondoka miaka mitatu iliyopita na ng'ombe kwenda Chunya. Anakochungia hakuna mtandao. Mara moja kwa mwezi akifika mnadani huchukua simu yake na kumtumia mama yake ujumbe wa sauti, maana mama hasomi, wala hana simu. Kabla ya kuondoka alimfungulia akaunti ya Fesibuku kwenye kompyuta ya kikundi.

Kila Jumamosi Mama Perpetua huja kwa miguu, huketi kwenye kigoda kile kile, husikiliza. Pasipokuwa na sauti mpya huomba ya zamani. Kuna moja ya mwaka juzi ambayo Gidamis anakohoa, kisha anacheka. Katibu amemwekea hiyo si chini ya mara arobaini.

Mwenyekiti alisema sasa ni Jumamosi tatu mama huyu anakuta akaunti imefungwa. Ya kwanza aliambiwa na Katibu kwamba mashine inaumwa. Ya pili aliambiwa inaendelea vizuri. Ya tatu hakuuliza. Aliketi mbele ya kioo cheusi mpaka saa sita, akaondoka, akapitia kwa Mwenyekiti kushitaki.

Katibu alieleza kwamba hakukaa bure, alijaribu kukisia neno la siri kwa majina ya ng'ombe, ya kijiji, na ya Gidamis mwenyewe. Mwenyekiti aliuliza alijaribu mara ngapi. Katibu alisema chache. Mwenyekiti aliuliza tena. Katibu alisema kumi na tisa.

Hapo Mama Perpetua alisema neno la siri analijua.

Kikao kilishangaa. Katibu aliuliza kwa nini basi amekaa nalo wiki tatu zote. Mama Perpetua alisema, "Ninalijua, mwanangu. Kulitamka ndiyo siwezi." Alieleza kwamba Gidamis aliweka jina la babu yake, yaani baba mkwe wa Mama Perpetua, na siku hiyo alicheka akamwambia, "Mama, hili hata ukiwa na homa ya kupotewa na akili halitakutoka mdomoni."

Katibu alisema, kama fundi, kwamba hajawahi kuona ulinzi wa namna hiyo.

Mama Rogathe, aliyeolewa hapa kutoka Tumati na si Mdatooga, alisema, "Si ulitaje tu, dada, humu ni sisi kwa sisi." Mama Perpetua aliangalia chini. Gidahosh alisimama, akamweleza kwamba mwanamke wa Kidatooga akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini, na hata neno linalofanana nalo analizunguka kama shimo. Alisema shemeji yake huyu ameolewa miaka thelathini na moja na hajateleza siku moja.

Mwenyekiti alimshukuru kwa maelezo mazuri. Kisha akasema, "Lakini wewe, Gidahosh, ni baba yako. Wewe unalitaja."

Gidahosh alisema, "Kumbe ndicho mlichoniitia."

Alikataa. Alisema jina la baba yake si la kutiwa kwenye mashine ya kijana anayejipaka mafuta ya nywele. (Katibu aliomba maneno hayo yafutwe, ombi halikuungwa mkono.) Alisema pia kwamba Gidamis aliswaga mitamba sita akaondoka alfajiri bila kumuaga yeye, baba yake mdogo, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemhitaji, leo ndiyo wameuhitaji mdomo wake.

Mama Perpetua alisema, "Shemeji, sikuombi umsamehe. Nakuomba utamke."

Gidahosh aliegemeza fimbo ukutani, akasema atalitamka, lakini si mbele ya watu.

Iliamuliwa wajumbe wote watoke nje isipokuwa Gidahosh na Katibu. Mama Perpetua hakungoja uamuzi. Alikuwa ameshafika kwenye tenki la maji na ametupa kisogo. Gidahosh alimwinamia Katibu akatamka jina mara moja sikioni. Akaunti ilifunguka. Jina hilo halikuandikwa humu, na atakayelitafuta katika kurasa hizi anapoteza muda.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUSIKILIZA SAUTI

Zilikutwa sauti tatu mpya. Kwa kuwa Gidamis huongea Kidatooga, Mwenyekiti alimwomba Gidahosh awatafsirie wajumbe. Gidahosh alisema leo ametumika kuliko punda. Alikubali.

Sauti ya kwanza ni ya tarehe 23 Mei. Gidamis alisema tajiri mmoja amempa kazi ya kusindikiza ng'ombe kwenye lori kwenda Arusha, na kwamba lori litapumzika Katesh siku ya Jumanne tarehe 3 Juni, asubuhi mpaka saa nane. Alisema hawezi kufika nyumbani kwa sababu ng'ombe hawaachwi, ila mama apande pikipiki aje amwone. Mwisho alisema kitu ambacho Gidahosh aliomba kirudiwe. Kiliporudiwa, alitafsiri kwamba "ananisalimia". Katibu anajua Kidatooga cha mnadani. Gidamis alisema, "Mwambie baba mdogo nimemchongea fimbo."

Joakimu aliuliza leo ni tarehe ngapi. Kalenda ya duka la mbegu iko ukutani.

Sauti ya pili ni ya tarehe 3 Juni asubuhi. Nyuma yake ng'ombe walisikika. Alisema amefika, yuko karibu na pale wanaponyweshea, amevaa shuka jekundu, na kwamba amenenepa, mama asije akampita bila kumtambua.

Sauti ya tatu ni ya siku hiyo hiyo, saa nane na dakika tano. Gidahosh hakuitafsiri. Alijifunika mdomo kwa shuka lake. Injini ilikuwa imeshawaka, Gidamis alikuwa akipaza sauti kuishinda, na aliyoyasema ni kwamba fimbo amemwachia mama muuza chai pale kituoni, kwamba lori likirudi linapita njia ya Dodoma, si Katesh tena, na kwamba, "Mama, sijakasirika."

Mama Perpetua aliuliza swali moja tu. Aliuliza, muda wote huo wa kumsubiri, mwanawe alikuwa amesimama au ameketi.

Gidahosh alisema, "Aliketi, shemeji. Kulikuwa na kivuli."

Hakuna sauti hata moja kati ya zile tatu iliyosema hivyo.

Mwenyekiti alipendekeza mama ajibu. Katibu alimwonyesha pa kuongelea. Mama Perpetua alitamka jina la Gidamis, akanyamaza, ukabaki upepo kwenye bati. Katibu aliuliza kama afute ili arudie vizuri. Alisema, "Tuma hivyo hivyo. Wewe usifute kitu tena."

Ilitumwa saa 6:40 mchana. Mpaka tunafunga ilikuwa haijasikilizwa, maana Gidamis hafiki mnadani mpaka mwisho wa mwezi.

KUMB. NA. 6/6/2025: USALAMA WA MITANDAO

Iliamuliwa:

Mjumbe yeyote asibonyeze linki asiyoijua, hata ikimwita jina lake.

Namba za siri zinazotumwa kwenye simu asipewe mtu anayepiga akijifanya ni wa ofisini.

Joakimu aondoe picha ya ndama wake aliyoitupia mtandaoni pamoja na maelezo ya zizi liliko, kwa sababu wezi wa mifugo nao wana simu.

Kila neno la siri liwe na watu wawili wanaolijua na kuweza kulitamka.

Kwa hilo la mwisho Mwenyekiti alipendekeza neno la Mama Perpetua libadilishwe. Mama Perpetua alikataa, akasema aliliweka mwanawe, ataliondoa mwanawe. Gidahosh alisema libaki, na likihitajika atakuwa akija yeye Jumamosi. Kisha aliuliza pikipiki ya kwenda Katesh inapatikana wapi saa hizi, akaondoka kabla ya kikao kufungwa.

KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa 7:25 mchana bila sala, kwa kuwa Mwenyekiti ndiye wa kuomba na alikuwa ametoka kumsindikiza Mama Perpetua.

KUMB. NA. 7/6/2025: ILIYOONGEZWA NA KATIBU KABLA YA KUPELEKA KWA MWENYEKITI

Mwenyekiti aliagiza yaandikwe yaliyotokea tu. Kwa hiyo KUMB. NA. 3 isomwe upya. Flashi ya Joakimu haikuwa na virusi, na adhabu yake iondolewe. Asubuhi ya tarehe 24 Mei, Mama Rogathe akiwa bado anafagia nje, Katibu alibonyeza linki iliyosema ameshinda simu mpya. Alijaza jina lake na kila alichoulizwa. Zikaanza kufunguka picha za ajabu zenyewe kwa zenyewe, hazizimiki, na huko nje Mama Rogathe akasikika akimwambia Mwenyekiti shikamoo. Katibu akafuta kila kitu. Fundi angekata intaneti kwanza. Katibu hakujua hilo, alilijua baadaye.

Hayo yote yana dawa. Kuna moja halina. Kabla sijafuta nilipita kwenye akaunti ya Mama Perpetua, na pale juu palikuwa na namba nyekundu, moja. Nilijua ni Gidamis, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayemtumia yule mama chochote. Zilikuwa zimebaki siku kumi afike Katesh. Mama Perpetua mwenyewe alikuwa njiani anakuja, ilikuwa imebaki kama saa moja.

Niliiona ile moja. Nikafuta.

Mwenyekiti: ............................ (bado hajasoma)

Katibu: Alex Hhando