Article ya Makumi Mbili

Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa tano

Joëlle mwana yangu, jambo. Uko muzima? Siye tuko, mugongo tu njo unaniuma.

Bantu ba usalama balimukamata mudogo wako Mukuka kule université ya Kasapa, kwenye anafundisha. Alisema mu réunion asema maji yenye inatoka ku mine ya shaba inaua bantu. Leo siku kumi na mbili. Bananiambia asema tangu réforme, mukubwa wa usalama anaweza kuchunga muntu mu kifungo bila procureur wa mashitaka. Ni kweli? Weye ulikuwa mu commission yenye iliandika ile sheria. Telephone naiogopa, jirani yetu Mama Kangwa atakuletea hii barua.

Mama yako

Kinshasa, tarehe 9

Mama, jambo. Pole na mugongo.

Sheria inasema masaa makumi ine na munane, kisha procureur. Lakini article ya makumi mbili, kipande kimoja ya ile sheria, inamuacha mukubwa aongeze siku kwa signature yake peke yake. Siku ngapi, haisemi.

Mama, ile article, miye njo niliiandika. Mbele niliweka “kama juge anakubali,” ni kusema hakimu. Directeur wetu wa commission akasema, “Joëlle, toa juge, tunachelewa.” Nilitoa. Nilirudia nyumbani, nikakula, nikalala.

Avocat Kalenga atakuja kwako, atamutetea Mukuka. Mupelekee Mukuka dawa yake ya asthme, ile ya pumuzi.

Mwana yako

Kinshasa, tarehe 14

Mama, uko namna gani? Niliendea Directeur juu ya Mukuka, akanipa dakika tano. Alisema, “Sheria iko wazi. Uliandika muzuri.” Mukuka alipata dawa?

Mwana yako

Lubumbashi, tarehe 23

Joëlle, jambo.

Dawa balikatala. Avocat balimurudisha ku mulango ya usalama: “Signature ya mukubwa iko.” Kila siku nilisimama pale na sahani ya chakula. Jana mulinzi alitoka, akanishika mukono.

“Mama, rudisha bukari.”

“Na yeye atakula nini?”

Alianza kulia, na bunduki ku bega.

Karatasi yabo inasema pumuzi ya Mukuka ilikosa.

Kilio yake iko hapa ku nyumba. Papa wako anauliza kila muntu mwenye anaingia: “Nani alimupa ule mukubwa wa usalama nguvu ya namna ile?” Miye nanyamaza.

Kuja, mwana. Utakaa pembeni yangu. Lakini ile ya article, utamuambia papa wako weye mwenyewe. Miye kinywa inakatala.

Mama yako