Ras na Mama Yake Mariana

Evodi, nimekwisha! Simu ya posta mbovu, nakutumia vikaratasi.

Leo siku ya wazazi shuleni, nikafundisha protini iitwayo Ras. Nikasema hii protini ni kama mtu wa mlangoni. Hodi ikipigwa, anapeleka habari jikoni, seli inagawanyika, kisha ananyamaza.

Ikiharibika hainyamazi. Hodi hakuna, yeye "ongezeni ugali!" tu. Ndiyo saratani.

Nikaongeza: "Kama Nyanzala wa Sitalike, asiyenyamaza."

Mama yake Mariana! Mkwe wangu mtarajiwa! Nimemtaja kwa JINA, mimi Msukuma mzima, na kwetu mkwe hatajwi jina! Kumbe kakaa nyuma ya darasa!

Akasimama. "Mwalimu, huyo Ras anazimwaje?"

"Kuna protini nyingine humzima, mama."

"Basi mimi ndiyo hiyo," akasema. "Nimeshaizima posa yako."