Mjomba Aliyevushwa Mpaka Akiwa Shume

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie upesi, maana Jumamosi natakiwa nikapite tena mpakani na mzigo uleule, na kuna mtu huku kwetu anaweza kufa kwa sababu ya mdomo wangu.

Mimi ni dereva, naishi Soni. Mteja wangu, mama wa Kizungu aliyepanga nyumba Lushoto, aliniomba nimpelekee Kenya kayaki yake, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa kukaa mtu mmoja, yeye akatangulia kwa basi kuningoja upande wa pili. Nikaifunga juu ya keria ya Noah yangu, na kwa kuwa sikutaka kamba ziikwaruze nikaizungushia mashuka meupe ya mke wangu, na kwa kuwa mkia ulizidi nyuma ya gari nikafunga tawi la mti wanaonifuata walione, na kwa kuwa ukungu ulikuwa mzito nikawasha taa nikaenda polepole. Hapo sikuwa na ubaya wowote. Lakini kushuka Mombo nikaona watu wanasimama. Mama mmoja akatua tenga lake la karoti, wa bodaboda akavua helmeti, mafundi waliokuwa juu ya paa wakashusha nyundo mpaka nikapita. Nilidhani wananiheshimu.

Mpakani, sitautaja ni upi, nilifika Jumanne saa nane mchana, na foleni ikanifungukia yenyewe. Ofisa akaja dirishani, kofia ameishika kifuani.

"Pole sana, ndugu yangu."

Nilitakiwa kusema ni mtumbwi. Nikaitazama foleni, nikasema, "Asante, tumeshapoa."

"Mbona uko peke yako?"

"Wengine wametangulia."

Akatazama juu. "Marehemu alikuwa mrefu."

"Sana."

"Ni nani?"

Mshauri, mtu mrefu kuliko wote ninaowajua ni mjomba wangu Hezekia wa Shume, mzima kabisa, asubuhi hiyohiyo alinipigia simu kuniagiza mbegu za kabichi, na jina lake likatoka kabla sijalishika. Ofisa akalirudia taratibu, "Hezekia," akaweka kiganja juu ya shuka, akasema, "Haya, Hezekia. Vuka salama." Pasi yangu ikagongwa mhuri, mzigo haukufunguliwa wala kuandikwa popote.

Upande wa pili tulipofungua mashuka, mteja akauliza nani alikaa humo. Ndani kulikuwa na udongo mweusi, mbichi, na jana yake niliiosha mwenyewe. Nikasema ni vumbi la njiani. Vumbi la njia ile ni jekundu.

Nikarudi kwa gari tupu. Nafika tu, simu ya Modesta, mke wa mjomba. "Kristian, mjomba wako tangu Jumanne saa nane hainuki. Alikaa chini katikati ya kabichi, tukambeba. Amebana mikono ubavuni, ukimwambia ageuke anasema humu ni pembamba." Nikauliza kama anakula. "Maji tu. Anasema atakula akifika. Sasa anafika wapi, mwanangu? Kutwa ananiuliza, tumeshavuka?"

Zahanati walipima, hawakuona malaria, wakampa dawa za malaria. Na mteja anataka kayaki irudi kwa njia ileile. Ofisa akimwona marehemu yuleyule anarudi, nitamwambia nini? Na nikimwambia mjomba nilichofanya, si ndiyo nitammaliza?

Dereva, Soni

*

Dereva,

Jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijafika gazetini, maana mgonjwa asiyekula hasubiri zamu ya mtambo wa kuchapa. Pole. Nakupa moja tu, nyingine ulishazipokea mpakani.

Unataka kujua kama jina linaweza kumchukua mtu. Sikusomea mambo hayo, nimesoma barua zenu tu, miaka kumi na tisa. Nilichokiona ni hiki: mtu akiagwa, kuna mahali ndani yake anaanza kufunga virago, hata kama hajui nani kamuaga. Mjomba wako aliagwa na ofisa, na mama wa karoti, na mafundi wa juu ya paa. Ni watu wengi. Wa kumrudisha uko peke yako, na umekaa unaandika barua.

Hospitali ni leo. Awe ameitwa na jina lake au na figo zake, mzee asiyekula anahitaji daktari. Usimlaze kwenye Noah yako hata kidogo. Azima gari lingine, akae kiti cha mbele, dirisha wazi, na kila kona mtajie hapa ni wapi.

Jumamosi, mashuka yabaki kwa mkeo, alikosea nini yeye? Kayaki irudi wazi, mwenyewe ameketi kando yako na karatasi zake mkononi. Foleni ikikufungukia, usiingie. Mtafute ofisa yule, umwambie ulimdanganya, ni mtumbwi, na haukuandikwa ulipotoka. Utasumbuliwa, na ni haki yako. Kisha mwombe aseme kwa mdomo wake kwamba Hezekia hakuvuka. Atakuona kichaa. Mwombe tena.

Ila kabla hujamwingiza mzee garini, mwambie. Hutammaliza kwa ukweli. Kinachommaliza ni safari asiyojua nani kamkatia tiketi. Ingia, mwamkie, kaa chini, umweleze kwa Kishambaa yote uliyonieleza mimi. Akikuuliza kama mmevuka, mwambie hapana, mjomba, wewe uko Shume, aliyevuka ni mimi. Usiinuke. Kaa hapo mpaka akutukane, na usijitetee. Akishafika kwenye ukoo mzima wa baba yako, mwambie Modesta abandike uji.