Nilivyokalishwa Hamamuni

Mwanza, 28 Desemba 1995

Kaka Khalidi,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, na sato wameshuka bei.

Juzi nilirudi kutoka Unguja. Huko Shangazi Shamsa alinipeleka kuona hamamu, bafu la kale ambalo sasa ni makumbusho. Tukaonyeshwa chumba walimoogeshwa mabibi harusi zamani. Shangazi akanikalisha juu ya jiwe.

"Tulia, mwali, mwenzangu akuone."

Mama nisiyemjua akanivua mtandio, akanipapasa nywele, akacheka. "Mwanangu atafurahi!"

Unajua nilivyo na haya, kaka. Niliokota mtandio, nikajifunika.

Jana Mama alisema sare ya kidato cha tatu haina haja, akageuza uso. Baba anakusikiliza wewe peke yako. Njoo kabla shule hazijafunguliwa.

Mdogo wako mwenye hofu,
Mwaija